Mji wa Tatu wa Madam

Ijumaa, 30 Juni 2017

Joto la kuua. Metro ya Ijumaa haianzi mpaka saa nne, mimi nikafika kituoni saa tatu. Nikasimama nje kama mwizi aliyewahi kazini. Jebel Ali mpaka Rashidiya ni reli nzima, mwanzo hadi mwisho. Mimi nimewekwa huku Jebel Ali, kambini, mpenzi wangu Emiliana kawekwa kule Rashidiya, kazi za ndani. Aliyepanga hivyo hana huruma.

Ijumaa yetu huwa ndani ya treni. Nje hakukaliki, na duka lenye kiyoyozi linataka ununue kitu. Treni haitaki kitu. Madam wake amemkataza kukaa na wanaume, kwa hiyo Emiliana hukaa behewa la wanawake, kiti cha mwisho kabisa. Mimi husimama behewa la watu wote, karibu na mstari wa pinki uliochorwa sakafuni. Mwanaume akiuvuka anatozwa faini. Mwaka mzima tumepiga soga juu ya mstari huo. Naujua kuliko kitanda changu.

Leo kaja na habari. Madam anakwenda Ulaya na mabinti zake wawili, Nura na Dana, na Emiliana anakwenda nao kuwatunza. Paris, kisha Roma. Safari fupi. Viza zimeshatoka. Lakini Madam anaona miji miwili ni aibu, shoga zake wote huenda mitatu. Kawaambia watoto wachague wa tatu. Watoto wakamwuliza Emiliana, maana yeye ndiye anayewalaza, na neno la mwisho la siku ni lake. Emiliana kaniuliza mimi.

Mimi! Nilijisikia waziri.

Nikamwambia Rotterdam. Sikusita. Huu mwaka wa pili napakua makontena kwenye ghala la vigae na masinki, na karibu kila kontena lina neno Rotterdam mahali fulani. Paris sijawahi kuiona kwenye boksi hata moja. Mji usiotuma hata bomba la bafu una nini cha kutazama?

Emiliana alicheka mpaka mama wa Kihindi aliyekaa pembeni yake akacheka naye, bila kujua kinachochekwa. Halafu akasema Hesbon kapendekeza Barselona.

Hesbon ni Mkenya, mlinzi wa geti la nyumba zao. Shati jeupe, limepigwa pasi. Redio ya mkononi kiunoni. Kiingereza kinamtiririka. Yeye anamwona Emiliana kila asubuhi. Mimi namwona Ijumaa, nikiwa na vumbi la vigae masikioni hata nioge vipi. Simsemi vibaya. Simpendi tu.

Jumapili, 2 Julai 2017

Masinki tangu asubuhi. Mgongo sina tena, nimebaki na shingo na miguu.

Jioni ujumbe wa sauti kutoka kwa Emiliana. Wanaondoka Jumatano tarehe 19. Wakienda miji miwili, wanarudi Alhamisi tarehe 27. Wakienda mitatu, wanarudi Jumamosi tarehe 29.

Nikausikiliza tena. Nikakaa kitandani.

Jumamosi tarehe 29, saa nne asubuhi, mimi naruka kwenda nyumbani. Likizo yangu ya kwanza tangu nije.

Shajara, tuelewane, maana wewe peke yako ndiye unayejua. Ijumaa ya tarehe 28 ni yangu. Nimeiweka tangu mwezi wa tatu. Siku hiyo ndiyo namwuliza Emiliana kama naweza kupita kwao Kamachumu, mimi na baba yangu mdogo wa Mwanza, kujitambulisha kwa wazazi. Kwa nini Ijumaa ya mwisho kabisa? Kwa sababu ukimwuliza mwanamke mapema, anapata nafasi ya kufikiri. Akifikiri ataona yote: Rogers wa Makambako, kidato cha pili hakumaliza, mbeba masinki, mgongo umekwisha. Lakini ukimwuliza leo na kesho uko angani, hana wa kumpa jibu baya. Mpango hauna tundu.

Sasa mji wa tatu unaila Ijumaa yangu. Kwa hiyo mji wa tatu usiwepo. Hata Rotterdam nimeifuta. Inauma, lakini nimeifuta.

Jumanne, 4 Julai 2017

Mpango wa kutisha watoto. Mwepesi, wa bei nafuu. Emiliana awasimulie wakati wa kulala ubaya wa kila mji, wenyewe waseme hawataki.

Wakati wa chakula nimemtumia ujumbe wa sauti, mmoja baada ya mwingine. Barselona kuna vibaka, watakuvua saa huku wanakusalimia. Uswisi milima inaporomoka. Venisi ndiyo mbaya kuliko yote: barabara zake ni maji matupu, ukitoka mlangoni unatumbukia, gari hakuna, hata kwenda dukani unapanda mashua. Na watu wake wazembe. Taa zao za vioo zilikuja kwenye makreti ya mbao, tulipofungua tukakuta nusu ni unga.

Emiliana alisema ahsante, atawasimulia.

Nimelala vizuri.

Jumatano, 5 Julai 2017

Watoto wanataka Venisi.

Emiliana anasema aliposimulia barabara za maji, Nura alisimama juu ya kitanda na kupiga makofi. Dana kauliza kama na yeye atapewa mashua yake. Madam kasikia kelele, kaingia, kaambiwa, naye kasema kwa nini hakuiwaza mwenyewe. Amenipa pole kwa kuwa juhudi zangu hazikufua dafu. Pole au dhihaka? Nimeusikiliza ujumbe mara nyingi, sijajua. Sauti yake hata akidhihaki ni nzuri.

Ijumaa, 7 Julai 2017

Siku ya kuandikwa kwa wino mwekundu. Sina wino mwekundu.

Emiliana kaja amevaa kitambaa kipya cha kichwa, kijani. Kaniletea kahawa za kutafuna, zile za kwao, alizotumiwa na mama yake. Kwao Kamachumu mgeni hupewa hizo kabla ya neno lolote. Kazipitisha juu ya mstari wa pinki zikiwa kwenye karatasi. Nikatafuna. Chungu kidogo, harufu nzuri. Nilikuwa na raha.

Kisha akasema mambo bado. Madam hajalipia Venisi. Hesbon katoa wazo jingine: Florensi. Iko karibu na Roma, treni mwendo wa saa moja na nusu, wanakwenda asubuhi na kurudi jioni, hawalali huko. Mji wa tatu unapatikana na tarehe ya kurudi haisogei. Emiliana anasema yeye ameipenda, na Madam akiambiwa leo atakubali, maana kila mtu anaisifia. Akaniuliza nasemaje.

Mimi nikasikia neno moja tu. Hesbon.

Wazo la Hesbon. Hesbon kasema. Asubuhi Hesbon, jioni Hesbon, sasa mpaka Ulaya Hesbon! Nikamwambia Florensi ni mji wa ovyo. Marumaru kutoka upande ule zilifika zimepasuka kontena zima, nilizibeba mwenyewe, mji hauwezi hata kufunga jiwe. Nikamwambia Madam atajuta. Nikasema heri hata hiyo Venisi.

Emiliana akageukia dirisha. Treni ikapita vituo viwili. Akauliza, kwa upole sana, kama kweli heri Venisi. Kama mimi haitanisumbua.

Nikasema inisumbue nini. Safari si yangu.

Akasema sawa. Akakunja ile karatasi ya kahawa, ikawa ndogo sana, akaishika mkononi mpaka Rashidiya. Alishuka bila kunigeukia kama anavyofanya siku zote.

Nikabaki na treni inayorudi. Nikapita mnara mrefu, nikapita majumba ya vioo, nikipanga maneno makali ya kumwambia Hesbon. Ilikuwa karibu na Jebel Ali, naangalia makreni ya bandari, ndipo akili ikafika. Hawalali huko. Tarehe haisogei.

Florensi ilikuwa imebeba Ijumaa yangu mikononi, inaniletea. Na mimi nimeifungia mlango kwa sababu ya shati la Hesbon.

Niligonga kichwa kwenye kioo cha treni. Mfilipino mmoja akanipisha kiti.

Jumapili, 9 Julai 2017

Nimetoka kazini na buti zangu, nimepanda metro mpaka Rashidiya, kisha basi, nikaenda kumwomba Hesbon. Andika hivyo: kumwomba.

Nilimkuta kibandani, feni inampepea. Nikamsalimia kama ndugu. Nikamwambia nimetafakari upya suala la Florensi, na kwa upande wangu sina pingamizi tena. Arudi kwa Emiliana, asifie mji, aongeze na mnara ulioinama kama upo upande huo.

Hesbon alinitazama kuanzia buti kwenda juu. Akasema nimechelewa. Jana jioni Madam amelipia Venisi, hoteli na ndege, khalas, imekwisha. Akauliza si mimi niliyesema mawe ya Florensi yanapasuka. Kumbe yamesemwa mpaka getini!

Nikageuka niondoke. Akaniita.

"Boss, kuja. Hiyo ya Florensi haikuwa idea yangu. Huyo dada alikuja hapa kwa geti, akaniuliza ni mji gani iko karibu na Roma, ya kuenda na kurudi siku moja. Nikamtafutia kwa simu. Akasema hataki safari ikule Ijumaa ya mtu."

Nikamwuliza ya mtu gani.

"Sasa mimi ndio nikuambie?"

Akanipa chai kwenye kikombe cha karatasi. Nimeinywa yote. Ilikuwa na sukari nyingi mno na bado sikuhisi ladha.

Kitandani sasa. Nazima taa, nawasha, nazima. Wenzangu wamelalamika.

Jumatatu, 10 Julai 2017

Hesbon kanitumia ujumbe. Anasema nimwulize Emiliana Ijumaa hii hii, nisingoje tarehe wala mji. Ushauri wa mtu asiye na mpango.

Lakini sina mwingine. Basi Ijumaa. Nimechagua na mahali: treni ikiwa chini ya ardhi, pale simu zinaposumbua, hakuna wa kumpigia kutuingilia.

Ijumaa, 14 Julai 2017

Nimevaa shati jeupe. Nimeazima pasi.

Treni imejaa. Emiliana kiti chake cha mwisho, mimi mstarini, nyuma yangu watu wananisukuma kama shehena. Alikuwa mpole lakini mbali kidogo. Aliongea habari za masanduku, sweta za watoto, dawa ya Dana ya kutapika. Nikasubiri chini ya ardhi. Tukaingia chini ya ardhi. Nikasafisha koo. Nikasema, Emiliana, kuna jambo.

Akainua macho. Akaacha hata kuchezea mkanda wa mkoba.

Nikasogea ili nisipige kelele. Nikasema mimi naondoka tarehe 29, kama unavyojua, na nilikuwa natarajia...

Mkono begani. Mkaguzi. Akanionyesha chini. Buti langu zima lilikuwa upande wa pinki. Mguu mmoja tu, lakini sheria haisemi miguu mingapi. Niliomba radhi kwa lugha zote nilizo nazo, nazo si nyingi. Mama mmoja wa Kiarabu alinitetea, akasema kijana alikuwa anaongea na mwenziwe. Mkaguzi akaniachia kwa onyo na kunirudisha nyuma mpaka katikati ya behewa. Kati yangu na Emiliana, watu kama thelathini na mtoto kwenye kigari.

Emiliana akanipigia kelele ya taratibu juu ya vichwa vyote: nilikuwa nasema nini?

Behewa zima likanitazama. Wahindi, Wafilipino, Wapakistani, mkaguzi mwenyewe. Wote wakangoja.

Nikasema Venisi ni maji matupu, avae viatu vya mpira.

Emiliana akafunga mkanda wa mkoba. Akasema atavaa.

Jumatano, 19 Julai 2017

Wameruka alfajiri. Mimi nilikuwa juu ya kontena, nikaona ndege kadhaa, nikazipungia zote kwa kuwa sikujua yake ni ipi. Msimamizi akauliza kama nimepigwa na jua. Nikasema ndiyo, nikapewa mapumziko kidogo kivulini. Faida ndogo, lakini faida.

Jumamosi, 22 Julai 2017

Ujumbe wa sauti kutoka Paris! Anaongea kwa kunong'ona kwa sababu watoto wamelala. Ule mnara wa chuma ameuona kuanzia chini tu, alibaki kwenye nyasi na kigari na mifuko wakati wengine wanapanda. Mkate wao mgumu nje, laini ndani. Dana ametapika mara mbili, sweta zote zimekwisha. Miguu imemvimba. Anasema kuna wakati alikaa kwenye benchi peke yake, watu wote wanapita na wenzao, naye akajikuta anasogea mwisho wa benchi, kama anavyokaa kwenye treni.

Nimeusikiliza nikiwa kwenye foleni ya kuoga. Nimempisha kila aliyekuwa nyuma yangu.

Nimemjibu kwamba asiinue kigari kwa mgongo, ainue kwa magoti. Nilitaka kusema jambo jingine. Kilichotoka ni magoti.

Jumanne, 25 Julai 2017

Venisi. Maji yanasikika kwenye ujumbe wenyewe, chubwi, chubwi, na kengele mbali.

Anasema nilikuwa sahihi kuhusu barabara. Hakuna gari. Lakini hakuna aliyetumbukia. Asubuhi alitoka kununua maziwa ya watoto akawaona wapakuzi. Wapakuzi kama sisi! Mashua imejaa maboksi, maji, viti, mpaka friji, na vijana wanapakua kwenye gati, kisha wanasukuma toroli barabarani. Wakifika kwenye daraja, daraja lina ngazi. Wanaligeuza toroli na kulivuta ngazi moja moja, hop, hop, juu mpaka chini. Alisimama na maziwa yake akiwatazama hadi wakaisha.

"Nikasema Rogers angekuwepo angewaonyesha namna ya kupanga mzigo," kasema. "Yule wa mbele aliweka mazito juu. Nikacheka peke yangu, kisha nikaona si kicheko."

Nusu saa baadaye picha. Toroli, ngazi, mgongo wa kijana aliyeloa jasho. Kweli kaweka mazito juu. Mjinga.

Nimeionyesha picha chumba kizima. Wamesema nimepotea. Mimi sijapotea. Nimejua jambo moja: ndege yao inatua Jumamosi saa kumi na moja na nusu alfajiri, Terminali ya Tatu. Yangu inaruka Jumamosi hiyo hiyo saa nne, Terminali ya Pili. Ya pili na ya tatu! Zimefuatana. Ghalani kwetu mlango wa pili na wa tatu unaweza kurusha boksi kutoka huu hadi ule. Nitamngoja ya tatu, nitamwuliza, nitavuka ya pili, nitaruka. Hana nafasi ya kufikiri hata kidogo. Ni mpango ule ule wa mwanzo, umeboreshwa.

Hesbon ameniuliza kwa ujumbe kama nina uhakika na hizo terminali. Sikumjibu. Wivu.

Jumamosi, 29 Julai 2017

Naandika kitandani. Kitanda cha kambini. Jebel Ali. Nitaeleza.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa Terminali ya Tatu, mlango wanakotokea wasafiri, na begi langu nililolifunga kwa mikanda ya plastiki ya ghalani. Ndege yao ikacheleweshwa. Ikacheleweshwa tena. Nikanunua chai. Saa moja ikapita, saa mbili ikapita. Nikajiambia mlango wa pili uko hapo tu.

Saa mbili na nusu wakatoka. Kwanza Madam, miwani nyeusi, uso wa mtu aliyelala akiwa wima. Kisha Nura anaburuta mdoli. Kisha toroli mbili za masanduku, na nyuma ya toroli, Emiliana. Dana kalala begani kwake. Amekonda. Amevaa kile kitambaa cha kijani.

Kabla hata ya salamu nikaona mzigo. Masanduku makubwa juu, madogo chini, na mfuko wa vioo vya zawadi umekaa kileleni unatikisika. Mikono yangu ikaenda yenyewe. Nikasema samahani Madam, nikashusha yote, nikapanga upya: mazito chini, mishikio nje, vioo katikati ya nguo. Madam akadhani ni mhudumu wa uwanja. Akasema vizuri sana, nisukume mpaka kwenye gari.

Nura akamvuta Emiliana sketi na kumwuliza kwa Kiingereza, hata mimi nikaelewa: huyu ndiye Rotterdam?

Kumbe huko kote, kuanzia Paris hadi Roma, ndilo jina langu.

Tukatembea kuelekea kwenye magari. Madam mbele kwenye simu, mimi na toroli, Emiliana pembeni yangu. Mara ya kwanza pembeni yangu. Hakuna mstari. Niligundua ananifika begani. Nilikuwa na hotuba tangu mwezi wa tatu, ina utangulizi, ina habari za baba mdogo wa Mwanza. Ikatoka yote kwa maneno matatu.

"Naomba nipite kwenu."

Emiliana akamhamisha Dana bega la pili.

"Wanakusubiri Jumamosi ijayo," akasema. "Nilimwambia mama kabla ya mfungo wa Ramadhani. Zile kahawa ulizotafuna kwenye treni, unadhani alinitumia mimi?"

Nikasimamisha toroli. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia.

"Ulikuwa na mpango," akasema. "Nikaona nisikuharibie."

Alisema hivyo bila dhihaka. Macho yamemwiva kwa usingizi, kuna doa la maziwa begani, na anatabasamu kidogo, upande mmoja. Nikasema nisamehe kwa Florensi. Akasema Venisi ilikuwa nzuri, ila aliiona akiwa na hasira, itabidi siku moja aione tena bila hasira. Nura akauliza kwa nini Rotterdam analia. Emiliana akamwambia ni vumbi. Hilo vumbi nalijua, ni la vigae.

Madam akaita yalla, twende. Nikapakia gari, hakuna hata sanduku moja lililogongana. Emiliana alikaa nyuma na watoto. Kabla mlango haujafungwa aliweka kiganja kwenye kioo, nami nikaweka changu nje. Dereva akaondoka taratibu. Nadhani kwa makusudi. Mungu ambariki.

Kisha nikamwuliza askari Terminali ya Pili mlango gani.

Iko ng'ambo ya uwanja mzima wa ndege. Unazunguka kwa gari. Kati ya ya pili na ya tatu kuna ndege zote za dunia. Nilikimbia na begi, nikapata teksi, tukazunguka, nikafika nikiwa nimeloa kama nimetoka kwenye zile barabara za Venisi. Dirisha lilikuwa limefungwa. Dada wa pale alinionea huruma, akanionyesha kwa kidole. Ndege yangu ile, inarudi nyuma, inageuka.

Niliipungia. Safari hii nilijua ni ipi.

Jumatatu, 31 Julai 2017

Ofisi imenibadilishia tiketi: Jumatano. Nikitua Dar, basi mpaka Bukoba, baba mdogo ananikuta njiani, Jumamosi niko Kamachumu. Inawezekana bila kulala. Nimezoea.

Tatizo ni moja. Emiliana anadhani nimeshafika nyumbani. Nikimwambia mkwe wao mtarajiwa alishindwa hata kupanda ndege, ataanza kufikiri. Sitaki afikiri. Hesbon ndiye pekee anayejua, na amesema nimweleze dada ukweli, atacheka, yataisha. Hesbon ni mtu mwema, sasa nakiri. Lakini mipango hana.

Mimi ninao. Leo nikitoka ofisini nimepanda metro, maana treni ina utulivu na kiyoyozi, nikamtumia ujumbe wa sauti. Nikasema nimefika salama, niko Dar, joto la huku afadhali, watu wote wanamsalimia. Nikaongeza kwamba Madam akitaka mji wa tatu tena mwakani, mimi nasema Hamburg, makontena yake huja yamefungwa kiungwana. Sauti yangu ilikuwa shwari kabisa. Nimetuma.

Nilipousikiliza ndipo nikaisikia. Katikati ya "joto la huku afadhali", yule mwanamke wa kwenye spika anatangaza kituo kinachofuata, kwa Kiarabu, kisha kwa Kiingereza. Milango inafunguka, mtu anasema yalla, yalla.

Jibu limekuja muda si mrefu.

"Karibu Dar," kasema Emiliana, na nyuma yake nawasikia Nura na Dana wakicheka. "Basi kwa kuwa uko huko, usishuke. Njoo nayo mpaka kituo cha mwisho. Nina mzigo wa mama nilioununua Venisi, nimeufunga mazito chini. Nitakungoja Rashidiya, upande wetu wa mstari."

Nimeusikiliza mpaka simu imepata moto. Upande wetu, kasema.

Treni imepita mnara mrefu. Begi ninalo, shati ni safi. Sasa nafikiria namna ya kwenda kuuchukua huo mzigo bila kutoka Dar.